Kona ya Shangazi Kete: Sinema mezani, kamera hakuna

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa jambo moja: wasimamizi wanaotaka gemu zao za kuigiza wahusika ziende kama filamu. Kwa uliyeufungua ukurasa huu kwa bahati, hizi ni gemu ambazo watu wanakaa mezani, kila mmoja anamwendesha mhusika wake, msimamizi anauendesha ulimwengu uliobaki, na penye shaka kete inaamua. Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Barua nimezifupisha, na mbili nimezipunguzia matusi.

Shikamoo Shangazi. Nasimamia gemu ya marafiki wanne. Mimi ni mlevi wa sinema, kwa hiyo kila kikao nakifungua kama filamu: kamera inashuka kutoka mawinguni, inamfuata tai, inazunguka mnara, inaingia dirishani. Naandika usiku kucha na kusoma kwa sauti nzito. Nikifika katikati, mmoja anapanga kete zake mstari, mwingine yuko kwenye simu. Juzi mmoja akanikatiza: "Sasa sisi tuko wapi?" Iliniuma. Nakutumia maandishi yenyewe uyaone.
Mwongozaji Asiye na Kamera

Marahaba mwanangu. Mwenzako hakukudharau. Amekuuliza swali ambalo maelezo yako yalitakiwa yawe yameshalijibu.

Umeazima kisichoazimika. Kwenye skrini, mnara, mvua, walinzi na dirisha lenye taa vinaonekana kwa mpigo mmoja, na mtazamaji anachagua mwenyewe pa kutupia jicho. Sauti yako haina uwezo huo. Inatoa kitu kimoja, halafu kingine, halafu kingine, na sikio linabeba vichache. Ukifika kwa tai, mawingu yameshasahaulika. Ukifika dirishani, tai naye hayupo. Kwa hiyo achana na wingi wa picha za sinema, chukua uchaguzi wake. Anayeshika kamera anafanya kazi kubwa ya kuamua nini kibaki nje ya fremu.

Picha pana moja, picha ya karibu moja, kisha nyamaza. Picha pana inawaambia wako wapi na wako na nani. Picha ya karibu inawapa kitu cha kushika, kufuata au kukimbia. Maandishi yako nimeyasoma yote, ukurasa mzima na mabaki yake, na nilichokibakiza ni hiki:

"Usiku. Mvua. Mko wanne chini ya ukuta wa mnara, mmelowa chapachapa. Juu yenu dirisha moja tu lina taa. Mkono unatokeza, unaachia kitu, dirisha linafungwa. Kimetua kwenye tope, hatua tatu mbele yenu. Ni kiatu cha mtoto."

Hapo ufunge mdomo. Usiongeze kwamba inatisha. Usiseme kama kiatu kina damu au hakina. Atakayekiokota atauliza, na hilo swali lake lina thamani kuliko sentensi yako nyingine yoyote ya usiku huo. Kiatu ulikuwa nacho tangu mwanzo, tena ni wazo zuri sana, ila ulikizika kwenye aya ya nne, chini ya historia ya fundi aliyejenga mnara. Huyo fundi mtunze. Akitokea mtu wa kumuuliza, mtoe.

Mpangilio nao unasema. Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Kisovieti, anakumbukwa kwa jaribio lake la kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti: bakuli la supu, kisha jeneza. Uso haukubadilika hata kidogo, lakini watazamaji waliona njaa mara hii na majonzi mara ile. Mezani unaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama yoyote. Sema "Askari wanamwingiza mfungwa, anaburuzwa. Gavana anatabasamu." Sasa sema "Mlango unafunguliwa, binti yake anaingia. Gavana anatabasamu." Tabasamu ni lilelile, magavana ni wawili. Hukuhitaji kumwita yeyote katili wala baba mwema, na wachezaji wameshaamua wenyewe, ndiyo maana watauamini uamuzi huo.

Sauti nzito ipunguze pia. Ukiitumia kwa kila kitu, siku joka likiongea utakuwa huna pa kushukia.

Habari Shangazi. Mapambano kwenye gemu yetu yanachosha. "Nampiga. Kumi na nne. Umempata. Madhara sita. Anayefuata." Nikajaribu kueleza kila pigo kwa madoido, panga ziking'aa na cheche zikiruka, muda ukawa maradufu na uchovu ukabaki palepale. Halafu kila pambano lazima wabishane nani alikuwa karibu na mlango.
Mchoka Upanga

Tuanze na mlango, maana ndio uliobeba mzigo wote.

Watu wa filamu wana kanuni ya nyuzi 180. Wanachora mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili, na kamera inabaki upande mmoja wa mstari huo. Kwa hiyo aliye kushoto mwa skrini anaendelea kuwa kushoto hata picha zikikatwa mara kumi. Kamera ikiuvuka mstari ovyo, mtazamaji anapotea. Watu wawili wanaotazamana wataonekana kama wote wanatazama upande mmoja. Wachezaji wako wanapotea kwa sababu hiyohiyo. Duru ya kwanza umesema mlango uko nyuma yao, duru ya tatu umeusimulia kutokea alipo adui, na sasa uko "mbele". Kila mmoja ana chumba chake kichwani.

Chagua upande mmoja kabla pambano halijaanza na ukae hapohapo. Mimi husimulia kutokea migongoni mwa wahusika wa wachezaji, siku zote. Mlango uko nyuma yenu, ngazi kulia, adui anatokea kushoto. Kisha kila zamu inapoanza narudia alama moja tu: "Wewe uko kwenye ngazi, mwenye shoka yuko kati yako na mlango." Ni sentensi moja, lakini ubishi unaisha, na mchezaji anaanza zamu akiwa tayari na wazo.

Sasa madoido. Rusha kete kwanza, simulia baadaye. Wengi wanaeleza pigo tukufu, kete inakuja na 3, na simulizi yote inabidi ifutwe. Ukishaijua namba, tafuta kilichobadilika. Sikiliza tofauti:

"Upanga wako unang'aa hewani na kumkata begani, damu inaruka." Kizuri, ila adui yuko palepale, na wewe uko palepale.

"Umemkata bega. Shoka limemtoka, limeserereka hadi ukingoni mwa ngazi. Anakutazama, kisha analitazama shoka." Sasa anayefuata ana jambo la kufanya. Alipige teke? Alirukie? Maneno hayajazidi sana, na meza nzima imesogea mbele.

Pigo lisilobadilisha kitu lipitishe kwa nusu sentensi. Sinema nazo haziupi kila ngumi uzito sawa. Hasa mwendo wa polepole: kuna msimamizi anausimulia kila kete ya pande 20 inapoangukia 20. Hesabu kidogo. Kila uso una nafasi ya asilimia 5, na mkirusha mara 20 nafasi ya 20 kutokea angalau mara moja ni kama asilimia 64. Mkirusha kiasi hicho kwa pambano moja, hiyo ni kama mapambano mawili kati ya kila matatu. Kitu kinachotokea mara nyingi hivyo hakistahili kusimamisha saa. Mwendo wa polepole uweke kwa ajili ya kete ambayo mtu ameiogopa kabla ya kuirusha. Utaijua: anaishikilia mkononi, anauliza mara mbili kama lazima. Hapo ndipo useme mvua inaonekana tone kwa tone, kisha umwache airushe.

Na pambano likishajulikana mshindi, likate. Maadui wawili waliobaki wana pointi chache za uhai? "Wanatupa silaha. Dakika kumi baadaye, mmoja wao anaongea." Hakuna atakayedai duru tatu ulizomnyima.

Shangazi, je, ni halali kuwaonyesha wachezaji tukio ambalo wahusika wao hawapo? Nataka wamwone adui mkuu akipanga mambo yake, lakini mmoja wao anasema huko ni kuvujisha siri.
Msimamizi wa Pembeni

Ni halali, na ni ya zamani. Gemu ya Star Wars ya kampuni ya West End Games, iliyotoka 1987, iliutumia ujanja huu: hadithi inakatwa, wachezaji wanasikia kinachoendelea kwa maadui, kisha wanarudi kwa wahusika wao ambao hawajui lolote. Gemu hiyo ilikuwa hata na mtindo wa kuanza katikati ya purukushani, wachezaji wakisomeana mistari ya mazungumzo iliyoandikwa tayari, ili risasi ziwe zimeshaanza kulia kabla mtu hajauliza kwa nini.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, tukio liwe fupi, maana ukiwa unaongea peke yako kwa sauti mbili, gavana na msaidizi wake, sekunde zinakuwa ndefu kuliko unavyodhani. La pili ni zito zaidi: onyesha kinachokuja, usionyeshe jibu. Wakiona mtu anaweka barua kwenye mfuko wa mpishi wao, watakaa kikao kizima wakimtazama mpishi kwa roho mkononi. Wakiona muuaji ni nani, uchunguzi wao umekufa na wewe ndiye uliyeuzika. Huyo mwenzako anayelalamika, nadhani aliwahi kusimamiwa na mtu wa namna hiyo.

Tena kuna njia ninayoipenda zaidi: wape wachezaji wenyewe waigize tukio hilo. Mmoja gavana, mmoja msaidizi, mmoja mlinzi anayesikiliza mlangoni. Wataongeza mambo ambayo hukuyapanga, na mengine yatakuwa bora kuliko yako.

Dada Kete, msimamizi wetu ananiandalia sinema nzuri, tatizo nyota wake ni mimi na sina kauli. "Unaliona joka. Magoti yanakulegea. Chozi linakutoka." Mhusika wangu ni askari mzee, hajalia tangu ameumbwa. Nimwambieje bila kumuudhi?
Askari Mkavu

Mwambie kama ulivyoniambia mimi, ila nje ya mchezo, mkiwa wawili. Mwongozaji wa filamu anamwelekeza mwigizaji kwa sababu mwigizaji amekubali kuelekezwa. Mezani mhusika ni wa mchezaji, ndani na nje: anachofikiri, anachohisi, anachofanya mwili wake, isipokuwa pale kanuni za gemu zinaposema woga umemshika. Msimamizi ana kila kitu kingine duniani. Hana haja ya magoti yako pia.

Mpe na njia mbadala, la sivyo ataona umemnyang'anya kalamu. Aelekeze kamera kwenye joka, farasi wanaokata kamba, maji yanayotetemeka ndani ya ndoo. Halafu akugeukie: "Tunauona uso wako kwa karibu. Tunaona nini?" Wewe utasema huyo mzee anakaza ukanda wa kofia yake na kutema mate. Nina hakika itakuwa picha bora ya kikao, na ni wewe uliyeitoa.

Shangazi shikamoo. Wachezaji wangu wakipewa kazi ya wizi, wanapanga saa nzima. Ramani, kamba, zamu za walinzi. Tukianza kucheza mpango unavunjika mlangoni. Kwenye filamu za wizi hawapangi hivyo!
Hazina Haiibiki

Marahaba. Kwenye filamu wanapanga, ila wewe unaonyeshwa mpango pale tu unapohitajika, tena mara nyingi kwa kurudisha nyuma wakati. John Harper aliuingiza ujanja huo kwenye kanuni za Blades in the Dark, gemu yake ya majambazi iliyotoka 2017. Kundi linachagua aina ya mpango na jambo moja muhimu, mfano wanaingilia wapi, kisha moja kwa moja wako kwenye tukio. Wakikwama, mchezaji anaomba kurudi nyuma: "Jana nilimhonga mlinzi huyu." Analipa kwa pointi za msongo. Jambo la kawaida ambalo angelifanya kirahisi halina gharama, lenye ugumu kidogo ni pointi 1, la kupangwa kwa ustadi ni 2 au zaidi. Na akishalipa bado huenda akalazimika kurusha kete kuona kama ile hongo ilipokelewa.

Unaweza kuuhamishia kwenye gemu yoyote yenye kitu cha kulipia: pointi za bahati, pesa za mhusika, uchovu. Ila ulinde ukuta mmoja ambao Harper naye anaulinda: kurudi nyuma hakufuti lililokwisha kuonekana. Mlinzi ameshapiga kengele? Kengele imelia. Hongo ya jana haiwezi kuinyamazisha, lakini inaweza kueleza kwa nini huyo mlinzi anawaelekeza wenzake upande usio wenu.

Wape dakika kumi za kupanga, zikiisha sema: "Mko ndani. Taa imezimika. Nani yuko karibu na kasha?" Watapiga kelele. Vumilia.

Kundi langu likigawanyika, nusu ya meza inasinzia. Nikiwakataza kugawanyika wananiona nawabana. Nifanye nini?
Mbili kwa Mbili

Waache wagawanyike, kisha fanya kazi ya mhariri wa filamu. Swali hili nalipenda kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu kukata ndiyo mbinu ya sinema inayohama kwenda mezani bila kupoteza kitu. Picha unaziazima kwa tabu. Mkato ni wako wote.

Wasimamizi wengi wanakata tukio likishatulia: kundi la kwanza limeingia ghalani, limepekua, limepata daftari, limetoka, haya, nyinyi wengine. Ndiyo maana wanasinzia, hakuna wanachokingoja. Kata wakati swali liko hewani. Bawaba za ghala zinalia, hatua zinasikika juu, mchezaji anasema "Najificha nyuma ya magunia," anachukua kete. Mzuie mkono. "Shikilia hiyo kete. Huku bandarini, nahodha ameinuka." Aliyeshika kete hasinzii, na walioko bandarini wamesikia hatua za ghalani, wanataka kujua. Dakika tatu nne, nahodha anauliza swali lisilojibika kirahisi, unarudi: "Rusha."

Ukiweza, unganisha pande mbili kwa kitu kimoja. Nahodha anapuliza mshumaa. Kule ghalani, mtu anawasha wake. Kengele wanayoisikia wa bandarini ndiyo waliyoigonga wa ghalani. Sinema inaunganisha matukio kwa umbo au sauti inayofanana, na mezani inafanya kazi kwa sababu wachezaji wanasikia kwamba mambo yote yanatokea usiku mmoja. Usilazimishe lakini. Mara moja mbili kwa kikao zinatosha. Ukiifanya kila mkato, wataanza kuitabiri na kucheka.

Jihadhari na kitu kimoja: usimkate mtu anayeongea kwa hisia na mhusika mwingine. Hatari inavumilia kusimamishwa, lakini ukikatiza ungamo, likirudi linakuwa limepoa.

Muziki wa nyuma uwepo au usiwepo?
Redio

Uwepo ukipenda, ila bila maneno. Wimbo wenye maneno unashindana na wewe na unakushinda. Usibadilishe wimbo kila tukio, utageuka fundi mitambo. Mimi natumia mmoja wa utulivu na mmoja wa hatari, na silaha yangu kubwa ni kuuzima ghafla. Mtu akisema "eti?" mara ya pili, punguza.

Shangazi, mhusika mmoja ametekwa na anapelekwa kwa mtesaji. Nataka ukatili wa adui uonekane, lakini mchezaji mmoja amekunja uso tangu nilipolitaja.
Nasita

Umeshauona uso, kwa hiyo unalijua jibu. Usisubiri aseme.

Mbunifu Ron Edwards alitenganisha aina mbili za mipaka mezani: mambo ambayo hayapo kabisa kwenye hadithi yenu, na mambo ambayo yapo lakini yanafunikwa pazia. La pili ni mbinu ya sinema tupu, picha inafifia hadi giza. Simamisha gemu, waulize wote kwa upole wangependa lipi kati ya hayo mawili. Wakichagua pazia: mlango unafungwa, taa ya chini yake inazimika, kata. Fungua asubuhi, na jambo la kwanza muulize mchezaji wa yule mateka, si mwingine: "Nini unataka tuone?" Akisema hataki tuone kitu, anzeni na sauti ya waokoaji wakivunja kufuli.

Wakichagua lisiwepo kabisa, halikuwepo. Mtesaji alichelewa njiani, farasi wake kavunjika mguu.